Namba Haina Shemeji

Mwaka umetimia, Baba, tangu moyo wako usimame ukiwa maabara, penseli mkononi. Waliosema ni mionzi tumewaacha waseme. Miaka thelathini na mmoja uliipima mionzi na kuiheshimu kuliko ulivyoheshimu shinikizo lako la damu. Vidonge vyako tulivikuta vimejaa droo.

Tunakukumbuka ukikataa kuhamia nyumba hii mpaka upime vigae vya bafuni, mwenye nyumba akidhani amepata mpangaji mwenye wazimu. Vipima mionzi ulivitengeneza mwenyewe, na kabla ya kupima udongo au maji ya watu ulikiacha chombo kihesabu kikiwa kitupu siku nzima. Ulisema lazima ujue kelele za chumba chako kabla hujamsingizia mgeni. Mwanafunzi aliyekosea hukumfokea; ulimvutia kiti, mkaanza upya.

Mjomba, kaka yake Mama, ndiye aliyekubandika jina la Mpima Hewa. Madini ya risasi uliyozungushia vyombo vyako, ili mionzi ya nje isipenye, yalitoka kwenye uwanja wake wa vyuma chakavu, na vipande vizuri alikuchagulia mwenyewe. Mlitaniana mpaka chai ikapoa.

Miaka sita iliyopita ulikwenda uwanjani kwake kuchukua vipande vingine, kipima chako kikalia kwenye rundo la karibu na mizani. Palikuwa na kichwa cha mashine kuukuu ya kiwandani, ndani yake kitu kidogo chenye mionzi mikali. Uliwahamishia vijana wa kazi wote kumi na mmoja upande wa pili, ukasimama kuzuia watu, ukawaita wakaguzi. Mjomba alikuwa ofisini kwake, hatua arobaini kutoka pale. Alijua alipoona gari lao langoni.

Hakuna aliyeugua. Lakini uwanja ulifungwa miezi saba, vijana wakatawanyika, na Mjomba hakuacha kumwambia kila aliyemsikiliza kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Alikujia juu hapa hapa sebuleni.

"Ungeniambia kwanza! Mimi ni adui yako?"

"Namba haina shemeji," ulimjibu.

Hakukanyaga hapa tena. Siku ya mazishi yako alisimama nje ya geti, akaondoka kabla hatujaanza kufukia.

Mwaka huu umemlemea Mama kuliko tulivyojua. Kila mgeni aliposema ulikuwa mtu wa msimamo, Mama alinyanyuka akaenda jikoni, na hakurudi mpaka mgeni aage. Tulidhani ni majonzi tu. Wiki mbili zilizopita tulimsomea rasimu ya tangazo hili la kumbukumbu, na tulipofika pale tulipoandika kwamba siku ile ya uwanjani uliamua peke yako, alichukua kalamu akaukata mstari.

"Alinipigia simu mimi kwanza," alisema. "Akaniuliza, 'Nimwambie kaka yako?' Nikamwambia asithubutu. Namjua kaka yangu. Angekipakia kichwa kile kwenye lori kabla wakaguzi hawajafika, tena kwa mikono ya wale vijana."

Aliiweka kalamu mezani.

"Baadaye nikaogopa kusema," akaendelea. "Baba yenu akaniambia, 'Acha, nitabeba mimi. Yule ni damu yako.'"

Ukalibeba jambo hilo miaka mitano, Baba, ukaingia nalo kaburini. Tumekukasirikia kwa hilo, na tumekupenda zaidi, yote kwa mpigo. Sisi wenyewe tuliwahi kukuita mkaidi, nawe ulitusikia na hukujitetea. Tusamehe.

Jumamosi Mama alikwenda uwanjani. Kitindamimba wako alimsindikiza, naye ndiye aliyetusimulia. Mama alimweleza kaka yake yote akiwa amesimama, maana hakupewa kiti. Mjomba alikuwa akipangusa mizani ambayo tayari ilikuwa safi.

"Kwa hiyo yeye alitaka kuniambia?"

"Alitaka."

"Na wewe ukaniona nikimchafua mume wako miaka yote hii, ukanyamaza?"

Mama alimwomba jambo moja tu, kwamba akubali tumweke katika tangazo hili, miongoni mwa wanaokukumbuka. Mjomba alikunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Niwekeni," alisema. "Nilimnunia mtu asiye na kosa, na sasa nitamwomba radhi wapi? Niwekeni. Ila msiniweke karibu na dada yangu."

Unakumbukwa na mkeo, na sisi wanao watatu, na dada zako wawili, na fundi wako wa maabara pamoja na wanafunzi wote uliowavutia kiti, na majirani, na wakwe zako, na mwisho kabisa, pale alipotaka mwenyewe, shemeji yako.

Daima, kila mmoja kutoka mahali pake, tutakukumbuka.