Baa ya Saleh na neno nililolimeza

Saleh, ndugu yangu,

Salamu wanazopewa watu wa makaburini nilikupa Ijumaa, nimesimama miguuni pako. Lakini nilikuwa na wenzangu, nikashindwa kusema nililokuja kulisema. Sasa nimekaa barazani na karatasi hizi nilizozichukua ofisini. Unanijua mimi ni mtu wa kalamu. Mdomo wangu haukupata kunisaidia, na mara moja ulipotakiwa ukusaidie wewe, uliniangusha.

Kwanza habari. Rahma ametoka eda, hajambo, ila magoti yanamsumbua kama kawaida yake. Zuwena bado anasomesha skuli ya wasichana, na wanafunzi wake wanamwogopa kwa sababu amerithi macho yako. Duka lako limepangishwa mtu anayeuza taa na betri za gari. Nilipita siku waliyokuwa wakiivunja kaunta. Vile vigae vyeupe ulivyovifuata Maskati kwa gari la kuazima, ukavipanga mwenyewe kimoja kimoja na kamba ya kupimia, fundi alikuwa akivipiga nyundo huku akiimba. Hakuwa na kosa. Nilimwomba kimoja, akanipa kilichopasuka.

Nakumbuka siku uliyoandika kibao. Ulikuwa na mwaka mmoja tu hapa Nizwa, umetoka huko ulikotoka. Miaka tisa Kopenhagen, tangu ile meli iliyokuchukua Unguja ukawa mwosha sufuria, ukamwacha Rahma na Zuwena mchanga mikononi. Huko ukapata kazi kwenye baa moja karibu na stesheni, ukakata mikate mpaka ukapewa kisu chako mwenyewe. Ulipowaleta mkeo na mwanao hapa, kitu pekee ulichokuwa nacho kichwani ni ile kaunta. Ukaniambia unataka mahali watu wataegemea ubao, wale kitu kizuri, wanywe kitu baridi, wazungumze, waende zao. Ukachora herufi kubwa za Kiarabu na chini yake za Kizungu: Baa ya Denmark.

Nilikwambia, "Saleh, ondoa hilo neno. Hapa ni Nizwa."

Ukanijibu, "Baa ni ubao tu, ndugu yangu. Ubao wa kuwekea viwiko. Ulevi haumo kwenye ubao."

Rahma alikuwa mlangoni na ndoo ya rangi. Akasema, "Kwa Kiswahili chetu baa ni baa." Sote tulicheka, na wewe ulicheka kuliko sisi.

Unga wa ule mkate mweusi wa Kidenmark haukupatikana, ukasaga shayiri ya hapa hapa, ukaichanganya na asali ya tende, ukaacha donge la unga lilale siku mbili. Mikate mitatu ya kwanza ilikuwa mawe. Wa nne ulikuwa mkate. Uliukata vipande vyembamba, ukapaka siagi nene, ukasema siagi haijatosha mpaka meno yaache alama. Juu yake ukapanga nguru uliyemlaza ndani ya siki na sukari na vitunguu, au yai la kuchemsha na kamba wadogo waliokuja na barafu kutoka pwani ya Sur, au kiazi baridi na majani ya vitunguu. Mkate mmoja chini, hakuna wa juu. Mzee mmoja wa sokoni alikitazama kipande chake akakuuliza, "Mwengine umeusahau?" Akamkusanya nguru wote upande mmoja, akamla kwanza, kisha akala mkate peke yake. Kesho yake alirudi.

Walikuja madereva wa malori, waalimu wa Kimisri, mainjinia wa barabara, na sisi wa Unguja, ambao tulikuja kwa ajili ya kusikia Kiswahili tu. Kuna mmoja kila siku akikuuliza urojo lini, nawe kila siku ukimwambia Alkhamisi. Alkhamisi haikufika.

Na vinywaji. Kahawa, maziwa, maji ya ndimu. Na zile chupa za rangi ya kahawia. Maji ya shayiri yasiyo na kilevi hata tone, ulinisomea maandishi ya chupa neno kwa neno. Ukiyamimina kwenye bilauri yanafura povu jeupe. Nilikunywa. Nilikunywa mara nyingi, Saleh, nikaenda msikitini kusali Magharibi nikiwa na akili zangu timamu na tumbo limejaa hewa. Ulinifundisha adabu ya kwao: kabla ya kunywa mwinulie mwenzio bilauri umtazame machoni, ukishakunywa umtazame tena. Ulisema Wadenmark wana mambo yao mengi ya ajabu, lakini hili lilikuwa la kheri, kwa sababu mtu hawezi kulifanya na mtu anayemficha kitu.

Sasa nafika.

Unakumbuka hali yangu mwaka ule. Nilikuwa na miezi mitano tu katika ofisi ya manispaa, sijathibitishwa kazini. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea msahafu, nikifungua mdomo nachanganya mwanamume na mwanamke, wenzangu wanainamisha vichwa wasicheke mbele yangu. Tulikuwa wageni katika mji wa babu zetu. Nyumbani nina wazazi wawili wagonjwa na watoto wanne. Asubuhi moja mkubwa wangu akaniita. Hakuwa mtu mbaya, na sikwambii haya ili umchukie. Alinikaribisha kahawa. Akasema watu wamelalamika kuna Mzinjibari anauza bia sokoni, wameiona ina povu. Akasema, "Nimeambiwa ni sahibu yako. Hukai kwake wewe? Ni ulevi ule, au si ulevi?"

Aliniuliza kwa upole. Alikuwa anataka kusikia kuwa si ulevi, naamini hivyo mpaka leo. Neno moja lingetosha.

Nikasema, "Mimi sijui. Siendi huko."

Basi. Nikamaliza kahawa, nikatikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, nikarudi mezani kwangu, nikaendelea kunakili barua.

Watu wa manispaa walikuja kwako siku ya pili, baada ya Adhuhuri. Sikuwapo, lakini nimehadithiwa na watu wengi hata naiona. Hawakukupiga wala kukufunga. Walishusha kibao. Walizitoa chupa na kuzimwaga nyuma ya duka kwenye mchanga, kreti baada ya kreti, na watu wamejaa wanatazama povu likizama. Wewe ulikuwa ukisema, "Nuseni. Mmoja wenu anuse tu." Hakuna aliyeinama kunusa. Ungekuwa na mtu wa ofisini wa kukusemea, angeinama yeye.

Ukafunga wiki tatu. Ulipofungua tena ilikuwa hoteli ya chai kama hoteli nyengine yoyote, chapati na maharage, redio na nzi. Mainjinia wakaacha kuja, wazee wakaacha kuja, wengine kwa kuona haya na wengine kwa kuamini. Miaka minane ukauza chapati kwenye kaunta ile ya vigae. Hukupata kulalamika mbele yangu. Kila Alkhamisi ulikuwa ukioka mkate mmoja wa shayiri kwa ajili yetu wawili, na ukinisukumia sahani. Ukiinua bilauri ya maziwa, mimi nainua yangu, kisha natazama ndevu zako, au natazama mlango. Miaka minane, Saleh. Sijui kama uliona. Mtu aliyekata nguru vipande vyembamba kama karatasi haoni jicho la rafiki yake linakwenda wapi?

Mara nyingi nilikuja na maneno tayari mdomoni. Nakuta una mteja. Au huna mteja, na umefurahi, nasema nisimharibie. Nilipothibitishwa nikasema nitamwambia nikipanda cheo. Nilipopanda nikasema yamekwisha. Hayakwisha. Ukaanguka ile asubuhi ya Jumatano na kisu mkononi, na nilipofika hospitali walikwisha kukufunika.

Sikiliza kilichotokea baada yako.

Zuwena aliposwa. Kijana mwalimu, mpole, watu wake ni wa Al Qabil, wana mashamba ya mitende. Baba yake, Bwana Hamoud, alileta salamu nzuri na Rahma akaitikia. Baada ya wiki mbili wakarudisha neno kwa mlango wa nyuma: samahani, tumesikia marehemu alikuwa akiuza pombe. Uongo ule ule, umekaa mjini miaka yote, umenenepa, sasa umekwenda kumkalia mwanao.

Rahma alikuja kwangu. Alikaa pale pale ninapokaa sasa. Akasema, "Shemeji, wewe siku zile ulikuwa ofisini. Wewe unajua. Nenda ukatusemee."

Nikamwambia nitakwenda, lakini kuna jambo alisikie kwanza. Nikamwambia. Nilimwambia kama nilivyokuandikia hapa, pamoja na ile kahawa. Hakunifokea. Heri angefoka. Alijitanda buibui lake vizuri, akauliza, "Ulisema hujui?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, "Ulisema hujui, na ulikuwa umekula kwake juzi yake?" Nikasema ndiyo. Akainuka akaenda, na chai yake hakuigusa.

Nilikwenda Al Qabil peke yangu. Nilifika kabla ya jua kuwa kali, Bwana Hamoud akanipokea kwenye majlisi yake, tende na kahawa kama desturi, na watu wengine wawili wamekaa. Nilitaka awatoe. Kisha nikaona hapana, wakae. Nikasema: "Nimekuja kutoa shahada. Saleh hakuuza ulevi. Nilikunywa kinywaji kile mimi mwenyewe, zaidi ya mara hamsini. Nilipoulizwa kazini nilisema sijui, nikasema siendi kwake. Nilisema uongo."

Bwana Hamoud aligeuza kikombe chake. Akasema, "Sasa nimwamini nani? Wewe wa siku ile au wewe wa leo?"

Nikamwambia, "Wa siku ile alikuwa anaogopa. Wa leo anaona haya."

 Aliposimama kunisindikiza alinishika mkono mpaka garini, na ule mkono sikuustahiki.

Siku kumi baadaye wakatuma watu tena, safari hii kwa mlango wa mbele, pamoja na mjomba mkubwa na samahani ndefu. Nilidhani nimelipia. Nilidhani jambo langu limetengenea na nitalala. Lakini Zuwena aliwasikiliza kutoka chumba cha pili, akamwita mama yake, akasema, "Waambie nawashukuru. Lakini watu waliomjua baba yangu kwa kuambiwa, kisha wakamjua tena kwa kuambiwa, mimi siwataki." Rahma akambembeleza. Hakubembelezeka. Kijana mwenyewe nasikia ameumia, na mimi nimemwonea huruma; hakuwa na dhambi. Kwa hivyo ukweli wangu ulifika, ila ulifika kama mvua baada ya mavuno.

Nilimkuta Zuwena nje ya skuli. Akaniamkia, "Shikamoo, ami," na bado akaniita ami. Nikataka kuomba radhi, akanizuia. Akasema, "Mimi si wa kukusamehe. Mwenyewe hayupo. Lakini kuna wengi huku mjini ambao bado wanaamini, na wao wapo." Kisha gari la waalimu likaja akapanda.

Maneno yake nimekaa nayo. Yule mzee wa sokoni aliyekuuliza kipande cha juu, nilimwendea wa kwanza. Alilia, kwa sababu alikupenda na aliacha kuja. Kisha nikaenda kwa muuza kanzu wa jirani yako. Kisha kwa yule wa urojo. Yeye alinitukana, na nikasimama nikayapokea matusi yote. Rahma alikuwa akinifungia mlango, lakini Ijumaa iliyopita nilipopita nikasalimu, aliitikia. Aliitikia tu. Sitaki kukwambia zaidi ya kilichotokea.

Saleh, sijui huko ulikojaaliwa habari zetu zinakufikia au hazikufikii. Sikuombi unisamehe kwa barua. Hilo nitaliomba siku ya kuomba, uso kwa uso, ukitaka kunitazama. Nakuombea kaburi lenye nafasi na hewa baridi. Nakuahidi Zuwena hatakosa mzazi wa kiume wa kusimama anapohitaji, akinitaka. Na nakuahidi la kesho.

Mkubwa wangu wa zamani amestaafu, anaumwa macho, anakaa kwenye bustani yake upande wa bondeni. Kesho baada ya Alasiri nitakwenda. Najua atanikaribisha kahawa. Safari hii sitaanza na kahawa. Nitalitaja jina lako kamili, na jina la baba yako, na la babu yako, kwa Kiarabu changu hiki hiki kilichopinda, kisha nitamwambia: siku ile uliniuliza kitu, bwana. Nilikuwa najua.

Ndugu yako,
Abdalla