Baba, Nimechagua Kutibu Akili

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mdomo wangu haujui kuanza kuzungumza na wewe kwa namna nyingine. Ulipofariki nilikuwa ng'ambo masomoni. Telegramu ilinifikia ukiwa umeshazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba. Sikukuaga. Ndiyo maana ninaandika.

Nataka nikueleze kwanza ninavyokukumbuka.

Nilikuwa mtoto wa shule mama alipougua, baada ya kumzaa Elibariki. Uhuru ulikuwa bado mpya. Mama aliacha kulala. Alisema mtoto yule si wake, amebadilishwa, na siku moja mchana alimwacha kitandani akakimbilia korongoni. Wanaume wakamrudisha wakiwa wamemfunga kamba. Ukoo ukajaa uani. Wengine walisema amerogwa, wengine wakataka afungiwe kwenye zizi la ng'ombe hadi atulie. Kaka yako, baba mkubwa, akakuambia mbele ya wote, "Mrudishe kwao, uoe mwingine. Una watoto wa kulea."

Ulikuwa unafungua kamba mikononi mwa mama. Hukuinua hata kichwa. Ukamjibu, "Angevunjika mguu, ungeniambia nimrudishe kwao?"

Kesho yake mkapanda lori la ushirika lililokuwa likishusha kahawa Moshi, wewe na mama juu ya magunia, umemshika kiunoni asidondoke. Sisi tulibaki na bibi, tukimnywesha Elibariki maziwa ya ng'ombe kwa kijiko.

Mambo ya hospitalini ulinisimulia mwenyewe. Ulisema watu wote njiani walikuuliza wewe habari za mama, kana kwamba yeye hayupo. Lakini daktari alivuta kiti, akakaa karibu naye, akamwambia, "Habari yako, mama? Jina lako nani?" Na mama, aliyekuwa hajasema neno la maana kwa siku nyingi, akataja jina lake.

Aliporudi nyumbani kahawa ilikuwa imeiva. Akina mama wengine waliogopa kumkaribia, basi ukampikia mtori wa ndizi wewe mwenyewe, mwanamume mzima jikoni, na wenzako wakakucheka kwenye pombe ya mbege. Jumapili ukaenda naye kanisani bega kwa bega, si mbele yake kama wanaume wengine, mkakaa benchi la mbele. Nilikuwa nyuma yenu. Baba, sijamwona shujaa mwingine kama wewe siku ile.

Nilipofika chuoni Dar es Salaam kusomea udaktari, kila mtu alinitarajia niwe mpasuaji. Hata wewe ulikuwa umeshatangaza kijiji kizima. Niliposema nataka magonjwa ya akili, wenzangu walicheka. "Aichi, unataka kuwa daktari wa vichaa?" Mwalimu mmoja aliniambia kwamba nitapoteza kipaji changu. Nikaja likizo nikiwa na hofu ya kukuambia. Nilikukuta unapogoa kahawa. Nikasema yote kwa pumzi moja. Ulikata matawi mawili matatu, kisha ukanigeukia, macho yamelowa.

"Basi kavute kiti, mwanangu. Watu wengi wanasubiri mtu wa kuvuta kiti."

Nimevuta, Baba. Nafanya kazi hapa hapa Moshi. Kuna seremala wa Njoro aliyekuwa amenyamaza hata kwa mkewe, na sasa anatengeneza madawati ya shule. Kuna mama aliyetaka kujitupa kisimani, sasa analima shamba la kijiji na wenzake. Viongozi wanatuhimiza kila siku tujenge taifa. Mimi nawaona wajenzi waliokuwa wamefichwa vyumba vya nyuma, na aibu ya ndugu zao ndiyo iliyokuwa mlango.

Hata kwa baba mkubwa alikuwamo mmoja. Mwanawe Ndesario alirudi kutoka vita vya Uganda, tukampokea kwa ngoma. Baadaye akawa halali usiku, anapiga kelele, anajificha chini ya kitanda akisikia lori. Baba mkubwa akamficha karibu mwaka mzima. Kisha asubuhi moja nikamkuta amesimama mlangoni pangu hospitalini, amemshika mwanawe mkono. Alishindwa kunitazama. Akasema tu, "Mwanangu, nisaidie." Nikawakaribisha wote wawili, nikaanza na Ndesario.

Bado anatibiwa, lakini analala, na ameanza kukata majani ya ng'ombe. Mwezi uliopita baba mkubwa alikuja nyumbani na jani la sale mkononi. Unajua anayeleta jani hilo anaomba msamaha, na unajua haifai kumkatalia. Alilishika kwa mikono miwili mbele ya mama. Mama akalipokea. Nilidhani atalia, au atamkumbusha yale ya uani. Alimtazama tu, akamuuliza, "Shemeji, Ndesario anakula vizuri?"

Nilitoka nje nikakaa karibu na kaburi lako. Ulistahili kusikia sauti ile.

Ng'ambo wameniandikia nirudi, niwe mwalimu kwao. Nimewajibu kwamba nashukuru, lakini nina watu huku. Hilo ndilo ninalokuahidi, Baba: sitaondoka. Mgonjwa akiletwa kwangu, hata awe amefungwa, hata awe anatukana, nitamsalimu yeye kwanza kabla ya waliomleta.

Lala salama, mzee wangu. Usiwe na wasiwasi juu ya mama. Leo ni siku ya soko. Ametoka asubuhi na mkungu wake kichwani, peke yake, na tunamngojea arudi atuambie habari za huko.

Binti yako,
Aichi