Nilizisugua Beji za Baba Mkwe, Rafiki Yake Akaitwa Mwizi

Mpendwa Mama Zoraida wa redio, naomba unisaidie maana nimeharibu na sijui pa kuanzia. Naitwa Odalmis, naishi hapa mjini Cienfuegos karibu na bandari, na mume wangu Yoandri na baba yake, mzee Evelio, aliyekuwa fundi wa mashine kiwanda cha sukari mpaka kikafungwa, na kitu anachokipenda kuliko chakula ni beji zake, zile za bati na shaba za kubandika kifuani, maana zamani kila kiwanda kilikuwa na yake na viwanda vingi sasa ni magofu ya kulishia mbuzi. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili, kwa hiyo anazisoma kwa kidole gumba, na kila Jumapili rafiki yake Leovigildo, aliyefanya naye kazi tangu ujana, huja kunywa kahawa, wanazimwaga mezani, "Hii ya wapi?" "Mzee mzima huijui? Si kule walikokulisha maharage mabichi ukakimbia shambani!" wanacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Basi siku yake ya kuzaliwa ilikaribia, nikaona beji zimefubaa, nyingine zina ukungu wa kijani, nikasema ngoja nimfurahishe mzee, nikazisugua kwa ndimu na jivu na stilwaya ya masufuria, Mama, ziling'aa nikajipongeza, nikazifunga kwenye vifuko nilivyoshona kwa plastiki ya kitambaa cha meza, nikazirudisha kwenye sanduku lake la mbao la sigara bila kusema kitu, iwe zawadi ya kushtukiza.

Alipolifungua na kuitoa moja kwenye kifuko, kidole kikasimama. "Odalmis, nani kashika sanduku langu?"

"Kwani vipi, baba?"

"Hii si yangu. Yangu ina muwa ulioinuka na herufi. Hii laini kama kipande cha sabuni. Mtu kachukua zangu kaniwekea takataka."

Nikajisingizia chungu jikoni, nikatoka. Jumapili Leovigildo akaja na kahawa aliyoiweka akiba nyumbani kwake, mzee akamzuia mlangoni. "Umewauzia watalii?"

"Evelio, acha utani, chemsha maji."

"Sina utani na mwizi."

Leovigildo akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mwizi mimi? Mimi niliyekuchomoa mkono kwenye kinu?" Akaiweka kahawa dirishani, akavaa kofia, akaondoka, na mimi nilikuwa jikoni, mwiko mkononi, nasikia yote na sikutoka.

Tangu hapo mzee hagusi sanduku, chakula anakidonoa tu, Yoandri ananiambia, "Funga mdomo, ukisema utamuua kwa hasira," na huko ndani beji zimeanza kutoa ute wa kijani. Je, niseme? Na beji zitapona?

ZORAIDA ANAJIBU

Odalmis mwanangu, pole. Ulikusudia mema, naamini. Lakini ya kusugua tusiyachanganye na ya kunyamaza. La kwanza ni ujinga, na mjinga hufundishwa. La pili ulilifanya ukiwa na akili zako timamu, mtu mzima anaitwa mwizi mbele yako na wewe umeshika mwiko! Na huyo mumeo mwambie kwamba mzee hatauawa na ukweli. Anayemmaliza ni huo upweke mliomtengenezea.

Mwambie leo. Kaa karibu naye, mpe mkono wako, sema, "Baba, ni mimi." Usilie kabla yake, usije ukamlazimisha akubembeleze.

Herufi zilizolika hazirudi, usidanganywe na fundi yeyote. Okoa zilizobaki. Tupa vifuko hivyo vya plastiki, ndivyo vinavyotoa huo ute. Ufute kwa pamba yenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, ila usiguse penye rangi, itabanduka. Zikauke kabisa. Sanduku la sigara nalo libaki la sigara tu: mbao zile hutoa mvuke unaokula shaba. Tafuta kopo la biskuti lenye kifuniko cha kubana, kila beji uifunge peke yake kwa kitambaa cheupe cha pamba, bati na shaba visigusane, na humo utie vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya, vinanyonya unyevu. Kopo likae mbali na jiko na dirisha la baharini. Ndimu ni ya samaki. Mzee akitaka kuzishika, na azishike! Anawe, akaushe mikono, na akimaliza uzipanguse, maana jasho ni chumvi.

Jibu hili nilimsomea Odalmis kwa simu kabla ya kipindi, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la kusubiri. Alimwambia mzee siku ileile. Mzee hakumfokea. Aliomba fimbo yake, wakaenda wote wawili mpaka mlango wa Leovigildo, wakaukuta una kufuli. Jirani akasema amehamia mji wa mbali, Holguín, kwa binti yake, na hakuacha anwani.

Asubuhi hii mzee Evelio amekuja hapa studio, ameshikwa mkono na mkwewe. Nimempa kipaza sauti, na maneno yake ni haya:

"Leovigildo, kama redio yako bado inashika huko, hukuchukua kitu. Mimi ndiye niliyekuvunjia heshima, mlangoni kwangu, watu wakisikia. Na hawa wasikilizaji nao wasikie. Kahawa yako sijaifungua. Njoo."