Wanaotuita Tukinyamaza

Ubaruku, Juni 1976

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, Mama. Najua Baba ndiye anayekusomea, basi na wewe Baba, shikamoo. Mguu wa Mama unaendeleaje na baridi ya huko Ipogolo? Mimi ni mzima wa mwili. Huku bondeni watu wanaanika mpunga, nami bado ni nesi peke yangu katika zahanati.

Mnamkumbuka Bi Kamla, yule mjane wa Kihindi niliyepanga kwake Mbeya mjini nilipokuwa masomoni? Alinifundisha yoga: kunyoosha mwili taratibu, kisha kukaa kimya umefumba macho, ukifuata pumzi inavyoingia na kutoka. Wakati ule kifua kilinibana bila ugonjwa wowote, na mazoezi yale yalinisaidia. Hapa Ubaruku nilipoona wanawake wengi wanakuja na maumivu ambayo vidonge haviondoi, nikaanza kuwakusanya barazani kila Jumatano saa kumi. Walikuja Wasangu wenyeji, Wanyakyusa wanaovuna mpunga, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Mwanzoni walicheka mno. Bibi mmoja wa Kisangu alisema, "Nesi, nimepumua tangu kuzaliwa, leo ndiyo unanifundisha?" Wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Mwezi uliopita alikuja Mama Kabula, Msukuma. Binti yake Kabula, wa miaka minne, alizama kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga wakati wa mvua. Mama huyo alikaa nyuma kabisa. Tuliponyamaza akapiga ukelele.

"Ananiita! Kabula ananiita, hamumsikii?"

Wanawake waliinuka wakakimbia, wengine wakaacha kanga zao. Kesho yake mwenyekiti wa kijiji akaja.

"Nesi, tuliomba mtu wa dawa. Hatukuomba mtu wa kuita mizimu."

Akapiga marufuku. Sikumbishia. Mama, ningembishia vipi, na mimi mwenyewe nikinyamaza naitwa? Nafundisha watu utulivu, lakini kila nikifumba macho namsikia mdogo wangu Daudi: "Dada, ngoja."

Jumatano iliyofuata Mama Kabula alikuja peke yake. Nikamwambia mazoezi hayapo tena. Akakaa tu chini.

"Wote waliniogopa," akasema. "Wewe hukuniogopa. Wewe anakuita nani?"

Nikamwambia. Sasa nawaambia na ninyi. Baba, nakuomba usiruke mstari.

Siku Daudi alipozama Ruaha, Mama mdogo Elizabeti, mdogo wako Mama, alikuwa ameniachia mimi nimtunze, akaenda kusaga. Nilikuwa na miaka kumi. Nikashuka naye mtoni, nikataka kuvuka juu ya mawe nikachume matunda ng'ambo, naye ananichelewesha. Nikauachia mkono wake. Akasema, "Dada, ngoja." Sikungoja. Nilipogeuka, hapakuwa na mtu juu ya mawe. Nikakimbia nyumbani nikajificha nyuma ya kihenge. Baba ulipokuwa unamfukuza Mama mdogo kwa kumwacha mtoto peke yake, yeye alinitazama akasema, "Yustina, mwanangu, sema kweli." Nikasema siku hiyo sikumwona Daudi kabisa. Mkaniamini mimi.

Mama Kabula alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na akikuita unamjibu nini?"

"Simjibu. Navuta pumzi mpaka anyamaze."

"Mimi namjibu. Namwambia, Kabula, nimesikia."

Tukakaa wawili, macho tumefumba. Daudi alipoita nikasema kwa sauti, "Nimesikia, mdogo wangu. Nilikuacha." Hakuondoka, Mama. Lakini nililia mbele ya mgonjwa wangu kama mtoto, naye akanishika bega mpaka nikamaliza.

Yule bibi wa Kisangu alituona kutoka barabarani, akaja akaketi bila kuuliza. Wiki iliyofuata walikuwa sita, na mmoja wao mke wa mwenyekiti. Mume wake mpaka leo hajaja kutuzuia. Siku hizi siwaambii wafukuze wanachokisikia. Anayetaka hutaja jina la marehemu wake, kisha tunapumua pamoja.

Daudi bado ananiita. Huyo hawezi kurudi. Lakini Mama mdogo yu hai, yuko Mafinga, na tangu siku ile hajakanyaga kwetu kwa kosa langu mimi. Nimeomba likizo. Nitapitia kwake kwanza, nipige magoti, na akikubali nitakuja naye. Mkiwa hamtaki kuniona nitabaki nje. Yeye mfungulieni.

Nisalimieni Bibi, mwambieni asiache kujifunika kifua. Nisalimieni kaka Samweli na wifi, na mzee wa kanisa jirani yetu. Wote hao nao waambieni kweli, maana walisikia uongo wangu.

Ni mimi mwana wenu niliyekuwa na Daudi mtoni,

Yustina