Mwendo wa Kwenye Ukungu

Jumatatu, 3 Juni
Ukungu tena. Nimeshuka na Baba kwenye pikapu kupeleka tangawizi Same. Spidomita ilikufa zamani, na mwezi jana aligonga ukingo kwenye kona ya juu. Anasema ukingo ulisogea. Nilipomwambia apunguze mwendo, akanijibu kwamba ng'ombe ameshakunywa maji. Nimechoka. Likizo yenyewe ndiyo hii.

Jumanne, 4 Juni
Jamani, hiki ndicho ninachosomea! Nyuma ya kichwa kuna seli za ubongo zinazopima mwendo. Kila moja ina mwendo wake iupendao: hii huchangamkia wa kobe, ile wa basi. Ubongo husikiliza zote kama mwenyekiti kikaoni, kisha huamua. Kwenye ukungu picha hufifia, na mara nyingi uamuzi huegemea kwa zile za mwendo wa polepole. Dereva anajiona anatambaa, kumbe anakimbia. Kwa nini hasa, chuoni bado tunabishana.

Leo tumeshuka tena na tangawizi, nimemweleza Baba njia nzima, nimekaa kiti cha kushoto, hadi koo likakauka. Akaongeza redio. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Jumamosi Baba atawashusha wanakwaya kwenda harusini Same. Wanawake kumi na mmoja nyuma, Mama akiwa mmoja wao. Kwenye ukungu ule! Nimemwomba Mama asipande. Amesema Baba anaendesha njia ile tangu sijazaliwa. Elimu yangu hapa nyumbani haifikii hata fungu la mboga. Nimelia kwa hasira jikoni, nikasingizia moshi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwita fundi, ametengeneza spidomita. Baba kanuna. Nikasimama mbele yake, nikamwambia leseni ninayo, Jumamosi naendesha mimi, la sivyo nalala mbele ya gari. Hilo alilisikia.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeendesha. Baba kushoto kwangu, wanakwaya wanaimba nyuma. Ukungu mzito kuanzia msituni. Nilijiona naenda ishirini, nikajisifu kimoyomoyo. Tulipoikaribia ile kona, Baba akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Mwanangu, punguza."

Nikatazama mshale. Arobaini na tano. Mimi, na seli zangu zote! Nikakanyaga breki, akina mama wakaacha kuimba. Nilikuwa najua kila kitu, na macho yamenidanganya vilevile.

Nikamwuliza amejuaje. Kwa mara ya kwanza wiki hii akajibu nilichomwuliza.

"Kwenye ukungu macho sikuyaamini kamwe. Nilikuwa naisikiliza injini. Sasa siisikii, nahisi mtetemo wake miguuni, nao unachelewa kunifikia. Sikio la kushoto limekufa kabisa. Hili la kulia linajikongoja."

Hajamwambia hata Mama.

Wiki nzima nimelipigia kelele sikio lililokufa, tena nikaliandikia methali. Naona aibu.

Jumapili, 9 Juni
Ukungu. Ufunguo wa pikapu Baba ameutundika kwenye msumari wa khanga zangu. Baada ya ibada nimekaa kulia kwake, nikamwuliza taratibu kama atakunywa chai.

Amesema atakunywa, sukari kidogo.