Usiguse Ule Mulango

Dada yangu Mukabaranga wa Bihambwe,

Hapa Pinga wananiita Ingénieur, mimi niliyekimbia masomo mwaka wa pili sekondari! Ninakula kuku kila siku mpaka shati hazifungi tena.

Motari wa pikipiki alinipa habari zako: duka yako ya fromaji za maziwa imekuwa pana, wateja wanasifu, ila mulango unakwama, unangoja seremala aupunguze na randa. Nikamucheka: "Mvua njo inavimbisha mbao!" Kisha chakula kikanishinda.

Dada, mulango haukuvimba. Ni beto ya etaje, ile sakafu ya juu, njo inashuka. Ile nguzo ya katikati niliyovunja ili duka ipanuke, nikakuambia iko ya urembo tu, njo ilikuwa inaishikilia. Sikupima kitu. Nilitaka unione fundi mukubwa.

Usiite seremala. Ukisoma tu, mutoe Mama mu chumba cha juu, umubebe hata akikataa, mutoke wote kwa nyuma. Motari ananitangulia na hii barua sababu rezo ya simu hakuna; mimi ninafuata na miti ya kuegemeza. Utanitukana nikifika, ni haki yako.

Lakini mulango usiuguse. Sasa ule njo unamubeba Mama.

Ni mimi kaka yako Makuza, si Ingénieur.