Ndoo ya Muhogo ya Beechmont

Shikamoo Mama. Huku Louisville jua linachoma, si kama baridi ya kwetu Buffalo, lakini mimi sina raha tangu jana.

Jana nilikuwa mkalimani wa walimu wa sayansi wa sekondari. Wanatembelea nyumba za wanafunzi, waone mambo ya nyumbani yanayoweza kuingia darasani. Tukafika mtaa wa Beechmont kwa mama mmoja Mkongo. Kuingia jikoni tu, harufu ile! Ndoo ya muhogo uliolowekwa. Mwalimu wa kemia akaziba pua. Aibu ikanishika, nikasema haraka, "Samahani, ni maji machafu, wamesahau kumwaga."

Binti wa yule mama, mwanafunzi wao ambaye darasani eti hafungui mdomo, akanikatiza kwa Kiingereza kilichonyooka. "Si machafu! Muhogo una sumu. Mama anauloweka siku tatu, sumu inatoka na maji. Akiubonyeza ukawa laini, anajua tayari."

Weee! Mwalimu naye alipigwa butwaa, maana sumu hiyohiyo huifundisha kila mwaka kwa kuichora ubaoni. Akachuchumaa kando ya ndoo, akamwomba yule mama aje darasani Jumatatu awafundishe watoto.

"Bon, miye nitafundisha nini? Sikusomaka," mama wa watu akacheka kwa Kiswahili chake cha Kongo.

Mimi sikucheka. Nilikumbuka ndoo yako ya muhogo niliyoimwaga uani, nikikwambia unatutia aibu kwa majirani. Uliiokota, ukaenda kuisuuza.

Nisamehe, Mama. Loweka muhogo mwingine leo. Nikirudi nataka harufu ile inipokee mlangoni.

Mwanao akupendaye,
Zakaria